Wapishi na madereva wa safari, gari likitembea regileta itoke kwenye mtungi

Msimu wa wageni ndio huu, ukipita Arusha alfajiri unakuta Landcruiser zinapakiwa, mahema, magodoro, matenga ya mboga, na juu ya mabegi kalazwa mtungi wa gesi, regileta bado imebana na mpira umezungushwa shingoni. Mpishi anakwambia afande nikifika kambini nawasha tu, wageni wana njaa. Mimi wa zimamoto hapo moyo unaenda mbio.

Kuanzia geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro kwenda Naabi Hill, geti la Serengeti, gari linatetemeka masaa, na regileta nayo inatetemeka, inalegea kidogo kidogo, mpira unasuguana na chuma. Gesi ikivuja haipandi juu, propani iliyomo mtungini ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, na butani iliyochanganywa nayo mara mbili, kwahiyo inatulia chini miguuni kwa abiria, chini ya siti, huko huko zinakopita waya za friji. Na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inaweza kuwaka. Piga hesabu na mimi, chukua gari dogo lenye hewa lita 3,000, asilimia 2 yake ni lita 60, na gesi ikiwa ya maji lita moja ikitoka inavimba inakuwa kama lita 250. Yaani robo lita, kikombe cha chai! Mtungi wa kilo 15 una vikombe zaidi ya mia.

Kwahiyo kabla injini haijawashwa funga koki, toa regileta, rudisha kile kifuniko cha plastiki (msikitupe jamani), halafu mtungi usimame wima na ufungwe kamba usiyumbe. Hili la kusimama wengi wanalipuuza. Valvu ya usalama iko juu ili mtungi ukizidiwa joto ipumue gesi, ukiulaza maji ya gesi yanaifikia na yanayomwagika ni yale ya kuvimba mara 250. Juu ya keria kwenye jua napo sio mahali pake, wala kwenye gari lililofungwa vioo wakati nyie mnakula lanchi. Mkienda kujaza mafuta, mtungi ushushwe kwanza, uwekwe mbali na pampu.

Ile harufu kali imewekwa makusudi, ukiisikia njiani usiseme ni mboga zimeoza. Simama, zima gari, milango yote wazi, watu washuke wasogee mbali upande upepo unakotoka, hakuna kiberiti wala sigara, na simu upige ukiwa mbali, namba yetu ni 114, bure.

Mkifika, kitu cha kwanza kushuka ni mtungi. Funga regileta, fungua koki, paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu funga hapo hapo na usiwashe, wageni wapewe matunda kwanza wasubiri.