Kompresa ya nyumbani: tangi ndilo la kuogopa

Karakana nyingi ndogo za Nairobi, kama za Kariobangi, hutunza mota na pampu ya kompresa, mashine ya kubana hewa, na kusahau tangi. Humo ndimo hatari ilimo, na ndimo uvumi mwingi umejaa.

“Kompresa inavuta hewa tu, maji yatatoka wapi?”

Yanatoka kwenye hewa hiyo hiyo. Geji ikisoma bari 8, ndani ya kila lita ya tangi zimebanwa lita kumi hivi za hewa ya Nairobi pamoja na unyevu wake. Hewa hutoka kwenye pampu ikiwa moto. Ikipoa ndani ya tangi, unyevu hugeuka maji na kutulia chini. Wakati wa masika huwa mengi zaidi.

Kila ukimaliza kazi, shusha presha hadi bari 1 au 2, inamisha tangi upande wa koki ya chini, kisha fungua polepole. Presha hiyo kidogo inatosha kuyasukuma maji yote nje. Iache koki wazi hadi asubuhi. Maji yakitoka mekundu kama strungi, kutu imeshaanza. Yakija na magamba ya chuma, usiwashe tena mpaka tangi lipimwe.

“Tundu la kutu unalehemu, kazi inaendelea.”

Hapana, na hapa tunasisitiza. Kutu hula chuma kwa ndani, na pale palipotoboka ni mahali pa kwanza tu kuonekana. Bati la pembeni nalo limekonda, na kiraka chako kimeshikilia chuma dhaifu. Tangi lililopasuka kwa hewa hurusha vipande.

Kupima ni kwa maji: fundi hulijaza tangi hadi juu bila kuacha hewa, kisha huongeza presha kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibao. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo tangi bovu huvuja tu badala ya kulipuka. Likishindwa, litupe, pampu na mota utazihamishia kwenye tangi jingine. Mtungi wa gesi ya kupikia usiugeuze tangi: hauna tundu la kumwagia maji, na mabaki ya gesi yanaweza kumlipukia anayeutoboa au kuulehemu.

“Kaza springi ya swichi ya presha, upate nguvu zaidi.”

Kibao kikisema bari 8, mwisho ni 8. Ukipandisha, vali ya usalama itafyatuka, na hapo ndipo wengine huiziba kwa bolti. Usiizibe kamwe. Mara moja kwa mwezi vuta pete yake kukiwa na presha: lazima iteme hewa, kisha ijifunge yenyewe.

“Tangi la pili litaongeza hewa.”

Linaongeza akiba tu. Pampu bado inatoa lita zile zile kwa dakika, na sasa mota inakimbia muda mrefu zaidi kabla ya kupumzika, ikichemka. Tena Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Anayenunua bunduki ya rangi, inayokula hewa nyingi, akumbuke hilo.

“Oili ni oili.”

Ya injini ina sabuni inayoshikilia maji na uchafu, na huacha makaa kwenye vali za pampu. Tumia oili ya kompresa, ISO 100 (namba ya uzito wa oili), hadi katikati ya doa jekundu la kioo cha kuangalia oili kwenye pampu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, ibadilishe.

“Mota ikinguruma bila kuzunguka, kepasita imekufa.”

Huenda, kwa kuwa kepasita ndiyo huisaidia mota kuanza, lakini anza na sababu mbili za bei rahisi. Waya mrefu mwembamba hupunguza stima. Weka kompresa karibu na soketi na urefushe mpira wa hewa. Kisha sikiliza inapojizima: “psss” fupi ni sawa. Ikiendelea bila kukoma, vali ya njia moja inarudisha hewa ya tangi, na mota inajaribu kuwaka ikisukumana na presha. Zima, chomoa plagi, mwaga hewa yote, fungua vali hiyo pale paipu ya pampu inapoingia kwenye tangi, safisha kiti chake na ubadilishe raba ikiwa imeungua.