Baba ametoka wodini na moyo wake, tumfuatilie vipi?

Baba alilazwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago jijini Kampala, moyo ukiwa hausukumi damu vizuri. Sasa yuko nyumbani Busia. Amepona?

Amepata nafuu. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo za hatari: dawa zinakatika, chumvi inarudi mezani, maji yanajaa mwilini taratibu bila mtu kugundua.

Mulago ni mbali. Nani amwangalie?

Kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu, mradi wajue kilichofanyika Kampala. Na mara nyingi hawajui! Mgonjwa anafika na bahasha ndogo iliyoandikwa "1x2". Afisa tabibu anaona kwamba ni kidonge 1 mara 2 kwa siku, lakini haoni ni cha nini wala kimeanza lini. Kwa hiyo msitoke wodini bila barua yenye jina la ugonjwa, dawa zote na kiasi cha kila moja, na tarehe ya kliniki. Ibandikeni ndani ya lile daftari lake la matibabu. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, naye aambiwe, maana ndiye anayeweza kupita nyumbani.

Nyumbani tuangalie nini?

Uzito. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, muandike daftarini. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, msifurahi kwamba ananenepa. Huenda ni maji. Kama hamna mizani, bonyezeni kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, mhesabu hadi kumi. Shimo likibaki, au akianza kuomba mto wa pili usiku ili apumue, mpelekeni kituoni siku hiyohiyo na daftari lake. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuhema akiwa ameketi: hospitali mara moja.

Apumzike tu?

Hapana. Kwa mapenzi tunamkalisha mzee kivulini kutwa, na misuli yake inalegea. Daktari akiruhusu, atembee dakika 5 hadi kwenye mwembe na kurudi, aongeze kidogo kila wiki. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, apunguze mwendo.

Dawa zikikaribia kuisha kabla ya kliniki?

Asizigawe nusu wala asiazime za jirani mwenye presha. Zikibaki za wiki moja, mtu aende kituoni na daftari. Zikikosekana huko, waombeni wapige simu kliniki ya moyo mkiwa mmeketi hapohapo.