Sosholojia ya dini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Sosholojia ya dini, yaani uchunguzi wa dini katika maisha ya jamii, ni somo la wasioamini.
Kama Mungu yupo au hayupo si swali la somo hili, kwani hakuna dodoso linaloweza kulijibu. Mtafiti huchunguza kinachoonekana: nani anahubiri na nani anakatazwa, sadaka inakusanywa na kutumiwa vipi, kwa nini kanisa moja linagawanyika na kuwa matatu. Wamo watafiti waumini na wasio na dini. Peter Berger, mmoja wa majina makubwa ya fani hii, alikuwa Mlutheri.

Dhana: Nchi ikiendelea, dini hufa.
Berger huyohuyo aliitetea hoja hii miaka ya 1960, kisha mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba alikosea. Ulaya Magharibi mahudhurio ya ibada yameshuka kweli. Kosa ni kuifanya Ulaya kuwa kipimo cha dunia nzima.

Dhana: Weber alithibitisha kwamba Uprotestanti ulizaa ubepari.
Wanafunzi huliandika hili kwenye mitihani kila mwaka. Katika makala zake za 1904 na 1905, mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alionyesha uhusiano kati ya nidhamu ya Wakalvini (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohana Kalvini) na moyo wa ubepari, na humohumo akakataa wazo kwamba ubepari ni matunda ya mageuzi ya kanisa peke yake.

Dhana: Idadi ya Waislamu na Wakristo Tanzania inatoka kwenye sensa.
Haitoki huko. Sensa ya Tanzania iliuliza dini kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Kenya bado inauliza, na iliuliza mwaka 2019. Asilimia za Tanzania zinazosambazwa leo ni makadirio, au zimetoka kwenye tafiti za sampuli, na sampuli ina mipaka yake. Ukihoji watu 1,500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jibu la kitaifa linaweza kupotoka kwa takriban pointi 2.5 za asilimia juu au chini. Ukichukua watu 60 wa mkoa mmoja kutoka kwenye sampuli hiyohiyo, kosa linafika karibu pointi 13. Kwa hiyo anayetangaza "mkoa fulani una asilimia 41" kwa data ya aina hiyo anawapotosha watu, tena kwenye jambo linaloweza kuwagombanisha majirani.

Dhana: Ukitaka kujua watu wanahudhuria ibada kiasi gani, waulize.
Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Mwaka 1993 watafiti Hadaway, Marler na Chaves walilinganisha majibu ya Wamarekani na vichwa vilivyohesabiwa makanisani, ikiwemo kaunti ya Ashtabula, Ohio. Waliokuwemo kweli walikuwa karibu nusu ya waliodai kuhudhuria. Si lazima wawe waongo. Mtu anayejiona muumini mwema husikia swali "Huenda kanisani mara ngapi?" kama "Wewe ni mtu wa namna gani?", naye hujibu hilo la pili.

Dawa ni kumwomba aeleze siku nzima: Jumapili iliyopita uliamka saa ngapi, ukafanya nini, ukaenda wapi. Usitaje ibada mpaka aitaje mwenyewe. Pia usimtume katekista au ustadhi wa mtaa kuhoji, maana mbele yake kila mtu atakuwa amehudhuria. Ukiweza, hesabu watu mlangoni kwa wiki kadhaa, na uziweke kando Pasaka, Krismasi na Ramadhani.

Kipimo chenyewe nacho huweza kupendelea. Swala ya Ijumaa si wajibu kwa wanawake, hivyo utafiti unaopima dini kwa kwenda msikitini utawaonyesha wanawake wa Kiislamu kama watu wasiojali dini. Ongeza maswali ya swala tano, funga na kusoma Kurani nyumbani.

Dhana: Kila mtu ana dini moja, basi kisanduku kimoja kinatosha.
Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa mwaka 2010, uliogusa nchi 19 za Afrika, ulikuta kwamba Tanzania ni mojawapo ya nchi nne ambamo zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini sadaka kwa mizimu au wahenga inaweza kuwakinga na madhara. Karibu wote walijitambulisha kuwa Wakristo au Waislamu. Dodoso zuri hutenganisha mambo matatu: unajitambulisha na dini gani, unaamini nini, unafanya nini. Na hilo la matendo liulizwe kwa tukio: mtoto alipougua mara ya mwisho, mlikwenda kwa nani kwanza, kisha kwa nani?