20-20-20 ya macho maana yake nini

Wengine wakiisikia wanadhani ni jina la dawa ya matone, hapana, ni hesabu tu ya kupumzisha macho: kila ukikaa dakika 20 kwenye kompyuta, tazama kitu kilicho futi 20 kutoka ulipo, yaani kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Basi.

Kwa nini mbali? Ndani ya jicho kuna kamsuli kanakojikaza kila unapotazama kitu cha karibu, ukitazama mbali kanalegea. Sasa mtu anachapa mitihani toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana hajanyanyua macho, akitoka nje anaona bango la ng'ambo lina ukungu ukungu, roho inamruka anajua ndo anapofuka, kumbe kamsuli kamechoka tu. Mimi niko steshenari, mita 6 zangu ni kijiwe cha boda ng'ambo ya barabara, wateja wanaona nazubaa, waache.

Ila kwangu mimi shida kubwa ni kupepesa. Kawaida mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika, mbele ya skrini zinashuka mpaka 5 au 7, machozi yanakauka, jicho linawasha utadhani limeingia mchanga. Ukiongeza na feni inayokupiga usoni ndo balaa kabisa, nimekaa nayo miezi namlaumu kompyuta wa watu, siku nimeigeuzia miguuni nusu ya shida ikaisha.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu usikimbilie, American Academy of Ophthalmology, madaktari wa macho wa Marekani hao, hawaipendekezi kwa ajili ya kompyuta. Ila kama umegonga 40 na maandishi ya karibu yanakusumbua kapime, hiyo ni umri.

Na shingo nayo inafuata macho, herufi zikiwa ndogo utajikuta umeitoa mbele kama kobe, kwa hiyo kuza maandishi kwanza ndo uhangaike na kiti. Skrini ikae umbali wa mkono, juu yake isizidi usawa wa macho. Laptopu yangu nimeiinua kwa rimu za karatasi nikachomeka kibodi pembeni, shida yake karatasi zikiisha kwenye printa nachomoa humo humo, mpaka jioni skrini imesharudi chini.