Kiribatumbo si kitambi

Nilimsikia muuzaji wa chai za kukata tumbo akimwambia mama mmoja kwamba mwanawe wa miaka minane ana kiribatumbo, na kwamba majani yake yangelimaliza tumbo hilo kwa wiki mbili. Si mara ya kwanza kulisikia neno hili likitumiwa hivyo, na kwa mtoto kosa hilo lina madhara.

Kiribatumbo ni hali ya mwili kuwa na mafuta mengi kiasi cha kuhatarisha afya. Hatua iliyo chini yake huitwa uzito uliozidi.

Tatizo limo ndani ya neno lenyewe. Kiriba ni mfuko wa ngozi ya mnyama wa kuchukulia maji, nalo neno hilo limetoka katika Kiarabu, qirba. Silabi ya kwanza ilifanana na kiambishi chetu, basi tukalipa wingi wa viriba, kama tulivyofanya kwa kitabu na vitabu. Leo wakulima huita viriba hata vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Aliyeliunganisha kiriba na tumbo alichora picha inayoeleweka mara moja, ya tumbo lililojaa na kuning'inia, lakini picha hiyo imetufanya tuutafute ugonjwa mahali pamoja tu. Mtoto wa miaka miwili huwa na tumbo lililotokeza kwa maumbile. Mwenye minyoo mingi anaweza kuvimba tumbo, na mwenye unyafuzi hujaa tumbo ilhali mwili wake unadhoofika kwa kukosa lishe. Kwa upande mwingine, mtoto anaweza kuwa na mafuta ya kupindukia mwili mzima bila kitambi cha kumshtua mtu, hasa kwetu ambako mtoto mnene husifiwa kuwa "ana afya".

Kinachopima hali hii ni uwiano wa uzito na urefu: kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Kwa mtoto tarakimu hizo hazifai hata kidogo, kwa sababu mipaka yake hubadilika kwa umri na jinsia. Mvulana wa miaka minane mwenye sentimita 125 na kilo 32 ana uwiano wa takriban 20.5, ambao kwa baba yake ungekuwa wa kawaida kabisa. Lakini katika chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, mpaka wa kiribatumbo kwa mvulana wa umri huo ni 19.7.

Hapa ndipo kauli ya "kumpunguza mtoto" inaponikera zaidi, maana mtoto anaendelea kurefuka. Mvulana huyo akifikisha sentimita 131 baada ya mwaka mmoja akiwa na kilo zilezile 32, uwiano wake utashuka hadi takriban 18.6, naye atakuwa ametoka katika kiribatumbo na kuingia katika uzito uliozidi bila kupoteza hata kilo moja. Ndiyo maana kwa watoto wengi wanaokua lengo la kwanza ni kuzuia uzito usipande haraka huku kimo kikiendelea. Kumnyima mlo, au kumpa dawa na chai za kuharisha, humpotezea maji pamoja na virutubisho ambavyo mifupa na ubongo wake vinavihitaji. Mtoto anayehitaji kupungua kilo kwelikweli apungue chini ya uangalizi wa daktari au mtaalamu wa lishe. Na anayekoroma sana usiku, au mwenye kiu na mikojo isiyo ya kawaida, apelekwe bila kungoja.

Nyumbani, soda na juisi za pakiti zipishe maji, chipsi ziwe za siku chache, na mtoto acheze kwa nguvu angalau dakika 60 kwa siku na alale mapema. Mabadiliko hayo yawe ya nyumba nzima, kwani mtoto anayekula mboga peke yake huku kaka zake wakila chipsi atajifunza kula kwa kujificha. Na jina la "bonge", hata likitamkwa kwa mapenzi, liachwe.

Mama yule alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, nami sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba tumbo peke yake halisemi lolote mpaka mtoto apimwe uzito na kimo, na kwamba ikiwa vipimo vitaonyesha tatizo, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba uzito wa mtoto umeutangulia urefu wake, nao urefu usaidiwe kuufikia.