Lugha ya rangi katika filamu ya muziki ni nini?

Lugha ya rangi ni mpango wa makusudi wa kuchagua rangi za mavazi, kuta, taa na vifaa, ili mtazamaji ajue nani yuko upande gani na moyoni ana nini kabla hajaambiwa. Filamu za kila aina zina mpango huu, ila filamu ya muziki huutegemea zaidi. Wimbo ukianza, mazungumzo husimama. Watu ishirini wakicheza kwa kasi na kamera ikiwa mbali, sura hazitambuliki vizuri, na maneno ya wimbo humponyoka mtu kwa urahisi. Rangi hubaki machoni.

Wengi huanza vibaya kwa kutafuta kamusi: nyekundu mapenzi, nyeupe usafi, nyeusi msiba. Kamusi hiyo haipo. Rangi hupata maana ndani ya filamu yenyewe, kwanza kwa kuwekwa kando ya rangi inayopingana nayo, kisha kwa kurudiwa hadi jicho lizoee. Likishazoea, badiliko dogo tu huwa habari.

Mfano ulio wazi ni West Side Story ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Robert Wise na Jerome Robbins, mavazi yakibuniwa na Irene Sharaff. Magenge mawili ya vijana yanagombea mtaa mmoja wa New York: Jets, ambao ni wana wa Wazungu waliotangulia kuhamia, na Sharks, wenye asili ya Puerto Rico. Jets huvaa zaidi njano, buluu na rangi za udongo. Sharks zambarau, nyekundu na nyeusi. Hizi si sare. Kila kijana ana nguo yake, lakini nguo za upande mmoja ni za ukoo mmoja wa rangi, na ndiyo maana hazionekani kama zimelazimishwa.

Kwenye ukumbi wa dansi, wenye kuta nyekundu, rangi hizo huchora mpaka sakafuni bila mtu kupiga mstari. Maria, dada wa kiongozi wa Sharks, anaingia na gauni jeupe lenye mkanda mwekundu. Awali alimsihi Anita, mpenzi wa kaka yake, alitie gauni hilo rangi nyekundu, akakataliwa. Weupe unamtoa kidogo kwenye kundi lake. Mkanda unakumbusha kwamba bado ni wa kwao. Macho yake yanapokutana na ya Tony, kijana wa upande wa Jets, wacheza dansi wanaowazunguka wanafifia kama ukungu, na pamoja nao zile rangi zinazowagawa watu. Mwishoni Maria amevaa nyekundu. Rangi aliyoililia kwa ajili ya dansi inamkuta kwenye msiba. Aliyeshika kamusi yake ya "nyekundu ni mapenzi" atapitwa hapo.

Hisia, tofauti na makundi, mara nyingi hubebwa na ukolevu kuliko aina ya rangi. Buluu iliyokolea na buluu iliyopauka hazisemi jambo moja. Katika Les Parapluies de Cherbourg ya Jacques Demy (1964), ambamo kila neno huimbwa, nyumba zimebandikwa karatasi za ukutani zenye rangi kali mno, hata huzuni inatokea katikati ya rangi za sherehe. Filamu inaishia kwenye kituo cha mafuta usiku, theluji ikianguka, na weupe huo unauma kwa sababu tumeshazoea zile kuta.

Mpango huharibikia zaidi kwenye taa. Kitambaa chekundu kikimulikwa kwa taa ya kijani huonekana karibu cheusi, kwa kuwa hurudisha mwanga mwekundu tu na taa hiyo haina mwanga huo wa kutosha. Kwa hiyo vipande vya kitambaa hupigwa picha kwa kamera ileile na taa zilezile kabla fundi hajakata nguo. Hatari nyingine ni mcheza dansi wa nyuma aliyevalishwa rangi ya genge la wapinzani kwa bahati mbaya: mtazamaji atamhesabu msaliti. Nguo inayofanana na ukuta nayo humzamisha mchezaji. Na anayerekebisha rangi baada ya kupiga picha, akiisukuma picha nzima kuelekea buluu, atakuta njano imeingia ukijani na ngozi za watu zimekuwa za wagonjwa.

Ukitaka kuusoma mpango huu mwenyewe, chagua wimbo mmoja, zima sauti, utazame mara mbili. Mara ya kwanza tafuta nani wanashiriki rangi na nani amebaki peke yake. Mara ya pili linganisha picha ya kwanza ya wimbo na ya mwisho: rangi ipi imeingia, ipi imetoweka, nani kabadili nguo au kavua koti. Kama hakuna kilichosogea, ama wimbo huo haukukusudiwa kusukuma hadithi, ama rangi zake zilipangwa kwa kupendeza tu.