Je, wajua kwa nini kosa moja la kanzidata hupewa vigeu viwili, yaani majina mawili yanayoshikilia thamani?

Tuseme kuna jedwali la watumiaji, na kila mtumiaji lazima awe na anwani ya barua pepe isiyofanana na ya mwenzake. Ndani ya kanzidata yenyewe imewekwa programu fupi inayopokea jina na anwani, inakagua hiki na kile, kisha inaingiza mstari mpya. Siku moja inaletwa anwani iliyokwisha kusajiliwa, kanzidata inakataa. Siku nyingine mtu amelibadilisha jina jedwali, kanzidata inakataa tena. Siku ya tatu limeletwa jina refu kuliko nafasi iliyopangwa, kanzidata inakataa tena. Mara zote tatu programu ile fupi inajua jambo moja tu: kazi imeshindikana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, kwa miezi kadhaa ya mwaka 2005, kwa waliotumia PL/pgSQL, yaani lugha ya kuandikia programu ndani ya kanzidata ya PostgreSQL. Toleo la 8.0, lililotoka Januari mwaka huo, liliipa lugha hiyo uwezo wa kudaka makosa. Kabla ya hapo kosa lolote lilivunja muamala mzima, yaani kundi la amri zinazofaulu au kufutwa kwa pamoja, na programu ya ndani haikuwa na la kufanya. Sasa mwandishi aliweza kuweka sehemu iitwayo EXCEPTION mwishoni mwa bloku, yaani kifungu cha amri kati ya BEGIN na END, na kusema: likitokea kosa la jina fulani, fanya hivi, likitokea jingine lolote, yaani OTHERS, fanya vile.

Shida ilikuwa kwenye hilo OTHERS. Aliyelitumia alikuwa kama mtu aliyemkamata mwizi gizani: anamshika mkono, sura haioni. Lugha ilikuwa imemwachia kosa mikononi bila kumpa njia ya kuuliza ni kosa gani. Novemba mwaka huohuo, toleo la 8.1 likaja na vigeu viwili, SQLSTATE na SQLERRM, na hapo mtu akaweza kuandika hivi:

BEGIN
  INSERT INTO watumiaji (jina, anwani)
  VALUES (jina_jipya, anwani_mpya);
EXCEPTION
  WHEN OTHERS THEN
    RAISE WARNING 'Usajili umekwama: %, msimbo %', SQLERRM, SQLSTATE;
END;

Ukiitazama haraka, ni nyongeza ndogo. Lakini ina maswali matatu ndani yake ambayo kila lugha ya kanzidata imelazimika kuyajibu: kwa nini viwe viwili, kwa nini viishi ndani ya sehemu ya kudaka kosa tu, na vinapataje thamani zake wakati kila kitu kilichozunguka kosa kinafutwa?

Tuanze na uwili wao. Kosa la kanzidata lina wasomaji wawili, programu na binadamu, na wasomaji hawa hawataki kitu kimoja. Programu inataka alama fupi isiyobadilika, ili iweze kuamua: jaribu tena, acha, au mwambie mtumiaji achague anwani nyingine. Binadamu anataka maelezo yenye jina la jedwali na kile hasa kilichokataliwa. SQLSTATE ni ya msomaji wa kwanza, SQLERRM ni ya wa pili.

SQLSTATE ni herufi na tarakimu tano. Mbili za mwanzo hutaja kundi la kosa, tatu za mwisho hutaja kosa lenyewe ndani ya kundi hilo. Kundi la 23 ni la kuvunja masharti ya data: 23505 ni thamani iliyojirudia pale isipotakiwa kujirudia, 23503 ni mstari unaotegemea mstari mwingine usiokuwepo. Kundi la 22 ni la data yenyewe kuwa na kasoro, na humo mna 22012, kugawanya kwa sifuri. Kundi la 40 ni la miamala iliyolazimika kurudishwa nyuma, kama 40001, ambayo maana yake kwa vitendo ni kwamba huna kosa, ulipishana vibaya na mwenzako, rudia tangu mwanzo.

Mpangilio huu ulikuja na kiwango cha SQL, lugha ya pamoja ya kanzidata, cha mwaka 1992. Kabla yake kulikuwa na SQLCODE, namba kamili ya kawaida. Kiwango kilikuwa kimekubaliana juu ya mambo machache mno: 0 ni mafanikio, 100 ni kutopatikana kwa data, na namba hasi ni kosa. Hasi ipi kwa kosa lipi, kila mtengenezaji alijipangia. Programu iliyoandikwa kwa kanzidata moja ikihamishiwa nyingine, sehemu yake yote ya kushughulikia makosa ilibidi iandikwe upya. SQLSTATE iligawanya uwanja: makundi yanayoanza na tarakimu 0 hadi 4 au herufi A hadi H ni ya kiwango, na yanayoanza na 5 hadi 9 au I hadi Z ameachiwa mtengenezaji. Kanuni hiyohiyo inatumika kwa tarakimu tatu za mwisho. Ndiyo maana kosa ambalo mwandishi wa PL/pgSQL analitoa mwenyewe bila kulipa msimbo huitwa P0001, na miamala miwili iliyokabana kila mmoja ukimngojea mwenzake huitwa 40P01. Ukiiona ile P, umekwisha kujua kwamba hapo PostgreSQL imetumia sehemu yake yenyewe. Naupenda sana mpango huu. Ni nadra kukuta alama za mashine zinazosomeka kwa namna hii bila kufungua kitabu.

SQLERRM, kwa upande wake, haimo katika kiwango. Jina hilo lilikuwa limezoeleka kwa watumiaji wa Oracle, kanzidata nyingine, na PL/pgSQL tangu mwanzo iliundwa ifanane na PL/SQL, lugha ya ndani ya Oracle. Kule, hata hivyo, SQLERRM na mwenzake SQLCODE ni fanksheni, yaani vipande vya programu vinavyoitwa ili virudishe thamani, tena huwezi kuziweka moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Unazihamishia kwanza kwenye kigeu chako. Katika PL/pgSQL ni vigeu tayari, hivyo unaweza kuviingiza kwenye jedwali kwa INSERT bila kuzunguka.

Hapa pana kosa ambalo waandishi wengi hulifanya, nalo linaniuma kwa sababu huonekana kufanya kazi kwa muda mrefu. Mtu anasoma SQLERRM, anatafuta ndani yake neno fulani, na kulifanyia uamuzi. Maandishi yale hufuata lugha iliyopangwa kwenye seva, kupitia mpangilio uitwao lc_messages. Seva ikihamishwa na kupangwa kwa Kifaransa, neno lililokuwa likitafutwa halipo tena. Hata bila kubadili lugha, maneno ya ujumbe yanaweza kurekebishwa toleo hadi toleo. Msimbo wa 23505 hubaki 23505.

Swali la pili: kwa nini vigeu hivi havionekani popote isipokuwa ndani ya sehemu ya EXCEPTION? Ukivitaja nje yake, PostgreSQL itakuambia kwamba safuwima iitwayo sqlstate haipo. Jibu hilo huwashangaza wanaoanza, lakini lina sababu: PL/pgSQL hupeleka kila hesabu kwa injini ya SQL, na injini ikikuta jina lisilo la kigeu, inalichukulia kuwa safuwima.

Linganisha na njia ya zamani ya SQL Server, kanzidata ya Microsoft, ambako kulikuwa na @@ERROR, namba moja inayoonekana kila mahali. Kila amri ikimaliza, namba ile huandikwa upya. Ukiandika IF ya kuikagua, IF yenyewe ni amri, na baada yake namba imerudi sifuri. Waandishi walijifunza kuinakili kwenye kigeu chao mara tu baada ya amri inayotiliwa shaka, na aliyesahau mara moja alipata sifuri pale palipokuwa na kosa. Toleo la 2005 la SQL Server lilileta TRY na CATCH pamoja na fanksheni kama ERROR_NUMBER na ERROR_MESSAGE, ambazo hushikilia taarifa ya kosa muda wote ulipo ndani ya CATCH, sehemu yake ya kudaka kosa.

PL/pgSQL ilikwepa tatizo hilo kwa kuvifunga vigeu kwenye mahali pake. Kila sehemu ya EXCEPTION ina SQLSTATE na SQLERRM zake. Tuseme umedaka kosa, na katika kulishughulikia umefungua bloku nyingine ambayo nayo imepata kosa na kulidaka. Kule ndani utaona taarifa za kosa jipya. Ukitoka, zile za kosa la kwanza zipo palepale, hazijaguswa. Tena vimetangazwa kuwa visivyobadilika: ukijaribu kuvipa thamani mwenyewe, unakataliwa. Kuna gharama moja ndogo: fanksheni nyingine unayoiita kutoka hapo haivioni, kwa hiyo kama kazi ya kuandika kumbukumbu ya makosa umeiweka kwenye fanksheni yake, ipelekee SQLSTATE na SQLERRM kama hoja, yaani thamani inazopokea inapoitwa.

Swali la tatu ndilo ninaloliona tamu kuliko yote. Bloku yenye EXCEPTION si bloku ya kawaida. PostgreSQL inapoingia humo hufungua muamala mdogo ndani ya muamala mkubwa, na hii ndiyo sababu bloku ya namna hiyo ni ghali zaidi kuingia na kutoka. Kosa likitokea, kila kilichoandikwa kwenye majedwali tangu bloku ilipoanza lazima kirudishwe nyuma, na kumbukumbu iliyotumiwa na muamala ule mdogo inasafishwa. Taarifa za kosa nazo zingeweza kupotea katika usafi huo.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni wa lazima. Kwanza taarifa za kosa zinanakiliwa mahali ambapo usafi hautafika. Kisha muamala mdogo unarudishwa nyuma. Baada ya hapo msimbo unalinganishwa na masharti ya WHEN, moja baada ya jingine. Likipatikana linalofaa, ndipo SQLSTATE na SQLERRM zinajazwa, na amri zako zinaanza kutekelezwa. Vigeu vyako vya kawaida, tofauti na majedwali, havirudishwi nyuma. Vinabaki na thamani vilizokuwa nazo kosa lilipotokea. Ukiwa na kihesabio cha mistari, kitakuambia ulifika wapi, ingawa mistari yenyewe haipo tena.

Na ule msimbo, ndani ya mashine, si maandishi. Kila moja ya alama tano hubanwa katika biti 6, jumla biti 30, zinazoenea ndani ya namba kamili moja ya biti 32. Alama mbili za kundi zimewekwa kwenye biti 12 za chini, hivyo kujua kama kosa ni la kundi la 23 ni kuzitenga biti hizo na kulinganisha mara moja. Ni pale tu mtu anapoihitaji SQLSTATE ndipo namba inafunguliwa kuwa maandishi matano.

Je, viwili vilitosha? Havikutosha. Fikiria jedwali lenye masharti mawili ya kutojirudia, moja la anwani na jingine la jina la kuingilia. Likivunjwa lolote, msimbo ni 23505. Kujua ni lipi, watu walirudia palepale pa kuchambua maneno ya SQLERRM. Wangeweza kuongezewa kigeu cha tatu, cha nne, cha tano. Lakini kila jina maalumu jipya linaweza kugongana na kigeu ambacho mtu alikwisha kukiita hivyo katika programu yake ya miaka iliyopita. Toleo la 9.2, mwaka 2012, likachagua njia ya kiwango: amri ya GET STACKED DIAGNOSTICS, ambayo unaiomba taarifa unayoitaka na kuipokea katika kigeu ulichokipa jina wewe. Toleo la 9.3 likaongeza humo jina la sharti lililovunjwa, la jedwali na la safuwima. MySQL, kanzidata nyingine, ilipita njia hiyohiyo kwa kuchelewa zaidi: toleo lake la 5.0 liliweza kudaka makosa, lakini hadi 5.6 ndipo aliyedaka aliweza kuuliza amedaka nini.

Jambo moja la vitendo kwa anayetaka kuvitumia leo. Wengi huandika SQLSTATE na SQLERRM kwenye jedwali la kumbukumbu, kisha huweka RAISE tupu ili kosa liendelee juu kwa aliyeita. Kosa likiendelea juu bila kudakwa tena, muamala mkubwa unavunjika, na mstari ule wa kumbukumbu unaondoka nao. Ukitafuta asubuhi, jedwali ni tupu. Kama lazima kosa liendelee, itoe taarifa yako kwa RAISE LOG kabla ya RAISE ile tupu: hiyo huandikwa kwenye daftari la seva, nje ya muamala, na haifutwi na chochote kinachofuata.